Meseji zako zinavuja? Anza kutafutia hapa

Mtu akishuku kwamba kuna anayemsomea meseji, haraka yake ya kwanza huwa ni kufuta programu na kuipakua upya. Subiri kwanza. Ndani ya programu hiyo kuna orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, pamoja na saa vilipotumika mara ya mwisho. Ukiifuta, orodha inapotea nayo, na hutajua tena aliyeingia alipitia wapi. Ipige picha ya skrini, uihifadhi, kisha tuendelee.

La pili, usianze na hofu ya mdukuzi aliyekaa mbali akinasa meseji zikiwa hewani. WhatsApp ilikamilisha usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho Aprili 2016, ikitumia itifaki ya Signal, yaani kanuni za kufunga meseji zilizotoka kwenye programu nyingine ya meseji iitwayo Signal, na Messenger ikaanza kuuwasha yenyewe kwa mazungumzo ya watu binafsi Desemba 2023. Meseji hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Kampuni iliyo katikati hupitisha kitu isichoweza kukisoma. Telegram ndiyo inayowachanganya wengi: mazungumzo yake ya kawaida pamoja na vikundi vyote hukaa kwenye seva zake bila ulinzi huo, na ni "gumzo la siri" tu, la watu wawili, ndilo linalofungwa mwisho hadi mwisho.

Kwa hiyo panapovuja mara nyingi ni kwenye ncha. Kuna aliyeshika kifaa chako, aliyeshika namba yako, au aliyeshika nakala ya mazungumzo. Kazi yote ya kutafuta ni kujua ni kipi kati ya hivyo, kwa sababu dawa ya kimoja haitibu kingine. Kubadilisha PIN ya akaunti hakumwondoi mtu aliyekwisha kuunganisha kompyuta yake, na kumwondoa huyo hakufuti nakala aliyoipakua mtu mwingine.

Mtu ananukuu maneno uliyomwandikia mwingine

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi.

Fungua mipangilio ya programu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne mbali na simu yenyewe. Kila mstari una jina la kivinjari au kompyuta na muda wa mwisho wa kutumika. Tuseme unakuta "Google Chrome (Windows)", leo saa 8:12 usiku. Wewe saa hiyo ulikuwa umelala, na kompyuta huna. Hapo huhitaji tena kubahatisha. Bonyeza mstari huo, utoe kifaa hicho.

Kinachowashangaza watu ni kwamba kifaa kilichounganishwa hupokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Hujitoa chenyewe ikiwa simu kuu haijatumika kwa siku 14, vinginevyo hubaki. Mtu akiishika simu yako kwa dakika moja tu, ikiwa wazi, akaskani msimbo wa QR, anaweza kukusoma kwa miezi bila kuigusa tena. Na simu nyingi huomba alama ya kidole au uso kabla ya kuruhusu kifaa kipya, jambo linaloleta hatua ambayo wengi huiruka: nenda kwenye mipangilio ya simu, si ya programu, uangalie vidole vilivyosajiliwa. Kidole cha mtu uliyemwamini zamani, kama bado kimo, kinamtosha kabisa. Futa vyote, usajili vyako upya, na ubadilishe namba ya kufungulia skrini.

Kuunganishwa kunaweza pia kufanyika kwa mkono wako mwenyewe. Februari 2025 kitengo cha usalama cha Google kilieleza jinsi wadukuzi wenye uhusiano na Urusi walivyowalenga watumiaji wa Signal kwa misimbo ya QR iliyojifanya mialiko ya vikundi. Aliyeskani aliunganisha akaunti yake na kifaa cha mshambuliaji bila kujua. Mbinu hiyohiyo inafaa kwa programu yoyote yenye vifaa vya kuunganishwa. Programu ya meseji ikikuuliza kama unataka kuunganisha kifaa wakati wewe ulikusudia kujiunga na kikundi, kataa, uifunge.

Orodha ikiwa safi, hamia kwenye skrini iliyofungwa. Arifa zinazoonesha maneno ya meseji zinasomwa na yeyote aliyekaa karibu nawe, na hakuna usimbaji unaozuia macho. Weka arifa zioneshe jina tu, au zisioneshe chochote mpaka skrini ifunguliwe. Saa ya mkononi na tableti zilizounganishwa na simu hupokea arifa hizohizo, nazo zikague.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye nakala rudufu. Mazungumzo yanayopakiwa kila usiku kwenye Google Drive au iCloud hayako ndani ya ulinzi wa meseji zenyewe isipokuwa umeuwasha. WhatsApp iliongeza uwezo wa kuifunga nakala hiyo Oktoba 2021, kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64, lakini ni hiari: usipoingia kwenye mipangilio ya nakala na kuuwasha, nakala inategemea usalama wa akaunti yako ya Google au Apple tu. Anayelijua nenosiri la barua pepe yako yuko karibu na mazungumzo yako ya miaka. Washa ulinzi huo leo, na uliandike nenosiri la nakala mahali salama nje ya simu, kwa sababu ukilipoteza pamoja na simu, WhatsApp yenyewe haiwezi kukurudishia nakala. Kisha kagua akaunti ya barua pepe: vifaa vilivyoingia, namba ya dharura iliyosajiliwa, na anwani ya akiba. Mara nyingi namba ya zamani ya mtu mwingine bado imo.

Na kuna upande ambao huna mamlaka nao: simu ya mwenzako. Nakala yake inaweza kuwa wazi, watoto wake wanaweza kuichezea, na yeye mwenyewe anaweza kupiga picha ya skrini. Meseji zinazojifuta zinapunguza kinachobaki kwake. Haziwezi kumzuia aliyekusudia kuhifadhi. Kabla ya kushuku simu yako kwa wiki nzima, jiulize kwa utulivu ni nani mwingine alikuwa na meseji hiyo. Ikiwa ilikuwa ya kikundi, jibu ni watu wote wa kikundi.

Ikiwa dalili zinaendelea na yote hayo ni safi, chunguza programu za upelelezi zilizopachikwa kwenye simu yenyewe. Hizi hazivunji usimbaji. Zinasoma skrini kama wewe unavyoisoma. Kwenye Android, angalia mipangilio ya simu sehemu tatu: huduma za ufikivu, ruhusa ya kusoma arifa, na wasimamizi wa kifaa. Programu yenye jina la kawaida mno, mfano "Huduma ya Mfumo", ambayo hukuiweka na imepewa ruhusa hizo, ni ya kutiliwa shaka. Angalia pia kama Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu hatari kwenye simu, imezimwa bila wewe kuizima, maana mwenye kupachika programu hizi kwa kawaida huanza kwa kuizima.

Hapa naomba usome polepole. Ukihisi aliyepachika programu hiyo ni mtu unayeishi naye na unayemwogopa, usiiondoe kwa pupa. Atajua papo hapo kwamba umegundua. Tafuta msaada kwanza kwa kutumia simu ya mtu mwingine, si hiyo inayopelelezwa, na upange kuiondoa ukiwa mahali salama.

Umetolewa kwenye akaunti ghafla

Unafungua WhatsApp, inakuambia namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine. Usiguse chochote kabla ya kutazama juu ya skrini: laini yako ina mtandao?

Kama haina, na iko hivyo muda mrefu mahali ambapo wenzako wana mtandao, huenda kuna mtu aliyeihamishia namba yako kwenye kadi nyingine. Hapo programu ya meseji ni tatizo la pili. Pigia kampuni ya simu kwa simu ya jirani, laini izuiwe na irudishwe kwako, kisha benki na huduma za pesa zote zinazotumia namba hiyo. Ukianza na WhatsApp, kila msimbo utakaoomba utamfikia yeye.

Kama laini ina mtandao, kuna uwezekano mkubwa msimbo ulitoka mkononi mwako. Ombi huja na sauti ya mtu unayemjua: "Dada samahani, nimekosea, nimetuma namba sita za kwangu kwenye simu yako, naomba unirudishie haraka." Akaunti ya huyo unayemjua ilikuwa imeshatekwa, na tarakimu hizo sita ndizo za kuisajili namba yako wewe. Hakuna sababu njema hata moja ya mtu kukuomba msimbo uliotumwa kwenye simu yako.

Dawa yake ni ya haraka. Sajili namba yako upya, upokee msimbo kwa SMS, uuingize. Papo hapo yule mwingine anatolewa. Ikiwa programu inakuomba PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili ambayo hukuiweka wewe, ujue ameiweka yeye, na utasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila hiyo PIN. Siku hizo zinaumiza, lakini yeye tayari yuko nje tangu ulipoingiza msimbo wa SMS. Meseji zako za zamani hazikuwa kwenye seva, kwa hiyo hakuzipata kwa kusajili namba peke yake. Alichokiona ni vikundi ulivyomo na meseji zilizoingia akiwa ndani. Wapigie simu ndugu na marafiki uwaambie wasitume pesa wala msimbo. Wapigie, usiwaandikie kwenye programu ileile.

Kuna njia ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtu anakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja, anakuelekeza ubonyeze namba inayoanza na nyota mbili na 21, ikifuatiwa na namba ya simu. Ukiipiga, simu zako zote zinaelekezwa kwake. Kisha anaomba msimbo wa WhatsApp uje kwa njia ya kupigiwa badala ya SMS, anaupokea yeye, na laini yako muda wote huo inaonekana nzima. Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa kwingine, piga *#21# usome majibu. Kufuta uelekezaji wote, piga ##002#. Hiyo ya pili hufuta pia uelekezaji kwenda kwenye kisanduku cha sauti, ambao unaweza kuurudisha baadaye ukiuhitaji. Fanya hivi kabla ya kuomba msimbo upya.

Ukisharudi ndani, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN yako na uweke barua pepe ya kuirejesha. Signal huuita ulinzi huo kufuli la usajili. Telegram ina nenosiri la ziada. Kwa Telegram kumbuka pia kwamba msimbo wa kuingia huja ndani ya Telegram yenyewe kama tayari umo kwenye kifaa kingine, kwa hiyo ukiuona umeingia bila wewe kuuomba, kuna mtu yuko mlangoni sasa hivi: usimpe yeyote, na uangalie vifaa vilivyo hai.

"Msimbo wa usalama wa mwenzako umebadilika"

Tangazo hili linawatia watu hofu isiyo na sababu, au wanalipita bila kulisoma. Sababu ya kawaida ni kwamba mwenzako amenunua simu mpya au amepakua programu upya. Sababu isiyo ya kawaida ni kwamba namba yake imesajiliwa na mtu mwingine.

Kuzitofautisha ni rahisi: mpigie kwa simu ya kawaida, umsikie sauti, umuulize kama amebadilisha simu. Kama mnazungumza mambo mazito, kila mmoja afungue ukurasa wa usimbaji ndani ya gumzo lenu. Kuna namba ya tarakimu 60. Someaneni, au mkikutana mskani. Zikilingana, hakuna aliyekaa katikati yenu. Mpaka mfanye hivyo, usimtumie namba ya akaunti wala picha ya kitambulisho, hata akiomba kwa haraka. Hasa akiomba kwa haraka.

Matangazo yanafuata mliyozungumza

Wengi wana hakika kwamba simu inawasikiliza. Kulipima hilo si kazi: tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, kitone au alama ndogo huonekana juu ya skrini kila maikrofoni au kamera inapotumika, na kuna ukurasa wa faragha unaoonesha ni programu gani iliyoitumia na lini. Uangalie. Programu ya tochi iliyotumia maikrofoni haina cha kujieleza, ifute.

Lakini ukurasa ukiwa safi na matangazo yakaendelea, tafuta kwingine. Ulibonyeza kiungo alichokutumia mwenzako, na kiungo hicho kilifunguka kwenye kivinjari chenye vifuatiliaji. Mwenzako alitafuta bidhaa hiyohiyo mkiwa kwenye Wi-Fi moja. Programu ya duka ina eneo lako. Mitandao ya kijamii ina kitabu chako cha simu na inajua nani anafahamiana na nani. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kusoma meseji hata moja, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kukasirikia zaidi, maana hata usimbaji ulio kamili hauligusi.

Zima basi vyanzo hivyo. Kwenye iPhone, tangu iOS 14.5 ya mwaka 2021, kila programu lazima iombe ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine: kataa zote kwa swichi moja. Kwenye Android, futa kitambulisho cha matangazo kwenye mipangilio ya faragha. Ondoa ruhusa ya eneo na ya anwani za simu kwa kila programu ambayo haikuambii wazi inazitakia nini.

Ukumbuke pia kwamba si kila gumzo ndani ya WhatsApp lina mlinzi mmoja. Unapoliandikia duka au kampuni, meseji ikifika upande wao inasomwa na wafanyakazi wao au mtoa huduma waliyemwajiri, na inafuata sera yao. Unapomwandikia roboti wa akili mnemba aliyemo ndani ya programu, unaiandikia kampuni yenyewe.

Wageni wanakuingiza kwenye vikundi

Namba yako imeshasambaa. Aprili 2021 taarifa za watumiaji milioni 533 wa Facebook, zikiwemo namba za simu, zilionekana zikigawiwa bure mtandaoni, na huo ni mkusanyo mmoja tu. Namba haiwezi kurudishwa ndani, ila mlango unaweza kufungwa. Kwenye faragha ya WhatsApp weka wanaoweza kukuongeza kwenye vikundi wawe watu uliowahifadhi tu, na uwashe kunyamazisha simu za wasiojulikana. Telegram ina swali lake: nani aone namba yangu, na nani anipate kwa namba yangu. Yajibu yote mawili. Signal iliruhusu majina ya watumiaji Februari 2024, na tangu hapo namba haioneshwi kwa usiowajua.

Picha ya wasifu nayo iwe ya unaowajua tu. Matapeli huichukua, wakaiweka kwenye namba mpya, na kumwandikia mama yako: "Mama, nimebadilisha namba."

Tiki moja, siku mbili

Hili si suala la faragha mara nyingi. Tiki moja maana yake meseji imeondoka kwako na haijafika: simu yake imezimwa, haina data, au amekuzuia. Ukikosa pia picha yake na muda wake wa mwisho kuonekana, na simu za ndani ya programu hazipokelewi, kuzuiwa kunawezekana, ila programu imefanywa makusudi isikuthibitishie. Iheshimu hiyo. Kama meseji zinafika zote kwa mkupuo ukifungua programu, simu yako inaiua programu ili kuokoa betri. Iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Programu ikikataa kuunganishwa kabisa, tazama tarehe na saa ya simu, kwa sababu saa isiyo sahihi huvuruga uthibitishaji wa seva.

Unatumia WhatsApp iliyobadilishwa

Zile zinazoahidi kusoma meseji zilizofutwa na kuficha tiki za bluu. Hakuna cha kurekebisha hapo. Usimbaji hufanyika ndani ya programu, na programu hiyo imeandikwa na mtu usiyemjua, kwa hiyo anaweza kuona kila unachokiona. WhatsApp pia husimamisha akaunti za wanaozitumia. Hifadhi mazungumzo, iondoe, weka ile rasmi kutoka kwenye duka la programu la simu yako, halafu ubadilishe PIN na ukague vifaa vilivyounganishwa.

Picha imeonesha unapoishi

Picha inayotumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake. Ileile ikitumwa kama hati, ili isipoteze ubora, huenda nzima, pamoja na mahali ilipopigwa. Zima eneo kwenye kamera, au ondoa eneo kwenye picha kabla ya kuituma.

Namba yako ya zamani ina mwenye nayo mpya

Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizokaa bila kutumika. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120, na namba iliyokaa kimya siku 45 ikiibukia kwenye kifaa kingine, huondoa picha na maelezo ya mwenye zamani. Lakini marafiki ambao hawajui wataendelea kumwandikia huyo mgeni wakidhani ni wewe, na vikundi ulivyoviacha na namba hiyo vinaweza kumfikia. Kabla ya kuiacha namba, tumia sehemu ya kubadilisha namba ndani ya programu, ambayo huhamisha akaunti na vikundi na kuwaarifu unaowachagua. Kama umeshaiacha, waombe wasimamizi wa vikundi waitoe, kisha ipitie barua pepe, benki na kila akaunti inayotuma msimbo kwenye namba hiyo, uiondoe moja baada ya nyingine ukianza na barua pepe.